Shavu la Mshubiri na Shavu la Bamia

Bi Chausiku tulimzika Jumanne, na mimi ndiye niliyemwosha uso. Waliniachia uso makusudi, kwa kuwa nimekaa naye nyumba moja miaka mingi kuliko niliyokaa na mama aliyenizaa. Mmoja wa wanawake waliokuwa wakimimina maji, bado kijana, hajajua kunyamaza, akaniuliza, "Bibi, baka hili la shavuni alizaliwa nalo?" Nikamwambia amimine maji. Lo, watu wa siku hizi! Maiti iko mbele yako nawe unaulizia baka. Lakini tangu siku ile chakula hakinipiti vizuri, maana baka lile nalijua lilivyoingia, na aliyelitia ni mimi, kwa mikono hii hii inayotetemeka. Nasema sasa kwa sababu hakuna tena wa kumuumiza. Wa kuumia nimebaki peke yangu, nami nimeshazoea.

Ilikuwa enzi za Mjerumani, treni ikiwa imeshafika Morogoro. Kwetu Uluguru msichana akivunja ungo huwekwa ndani, awe mwali. Mimi nilichelewa. Nilipovunja ungo ilikuwa miaka ya njaa, baada ya vita vya kumpinga Mjerumani, na nani angecheza ngoma na tumbo tupu? Basi niliwekwa ndani nikiwa mtu mzima wa miaka kumi na tisa, wenzangu wa rika langu wana watoto mgongoni. Mjomba wangu alinileta kutoka mlimani mpaka Mwembesongo, nyumbani kwa Bi Chausiku, ambaye alikubali kuwa somo wangu, yaani mwanamke wa kunifunza na kunitunza mpaka siku ya kutoka. Mumewe alikuwa akida, mtu wa pwani aliyewekwa na Wajerumani atutawale, mwenye koti la khaki na sauti ya kuita watu kutoka mbali. Na sheria ya unyago, hata akida hakuweza kuivunja, ilikuwa hivi: somo humminya mwali mkono kwa kidole gumba, aone kama ngozi imelainika na kutakata kwa kukaa kivulini. Akisema ameiva, ngoma inapigwa, mwali anatoka. Asiposema, hata mjomba mtu hana la kufanya. Mwali haolewi kabla ya kuiva, na hatoki kabla ya kuiva. Niliambiwa miezi saba, na miezi saba niliiona michache.

Chumba chenyewe nakikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyolala baadaye. Hatua nne kwa hatua tatu. Nilizipima mpaka nyayo zikachoka. Kuta za udongo, kitanda cha kamba, mtungi wa maji, mkeka, na juu karibu na paa tundu moja la kupitisha hewa. Nikipanda juu ya kinu kilichogeuzwa niliona kipande cha mlima, upana wa kiganja, siku nyingine kina ukungu, siku nyingine ni kijani kitupu. Mwali hacheki kwa sauti, hakohoi kwa sauti, hamjibu mgeni. Akienda msalani hufunikwa kaniki gubigubi, na somo humtangulia. Nilisikia treni ikipiga filimbi, wapagazi wakishuka mlimani na mizigo ya ulanga, yale mawe ya kung'aa, askari wakipiga kwata. Kila mtu Morogoro alikuwa na mahali pa kwenda isipokuwa mimi. Chakula sina la kulalamika: ugali wa mtama, maharage, magimbi, ndizi za kuchemsha zilizotiwa samli. Mwali hunenepeshwa. Lakini kula bila kutembea ni adhabu. Chakula kilinikaa kifuani na hasira zikakaa juu yake. Wajukuu zangu wakilalamika kwamba mvua imewafungia ndani siku moja, nawaangalia tu.

Bi Chausiku alikuwa na miaka arobaini na ushee, mnene, mcheshi, na uso wake ulikuwa unatoa mafuta. Mafuta kweli, si mchezo. Asubuhi akijitazama kwenye kioo cha mkononi kutoka duka la Mhindi, paji linang'aa, pua inang'aa, na chini ya macho mikunjo midogo imeanza kujipanga. Na dawa yake ilikuwa nini? Mafuta zaidi! Nyonyo asubuhi, nazi mchana, samli siku ya Ijumaa. Kwetu wakati huo ngozi isiyong'aa ilikuwa ngozi ya aliyefiwa au asiye na wa kumtunza, sasa mke wa akida angethubutuje kutoka mkavu? Vipele vilimtoka kidevuni, akavipaka nyonyo. Vikazidi, naye akazidisha nyonyo.

"Mwantumu, mwanangu, uso huu umenishinda," aliniambia siku moja akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda changu. "Juu unatiririka, chini unakunjamana. Mtu mmoja, maradhi mawili."

"Mama, na kama hayo mafuta ndiyo yanayokuumiza?"

"Nyamaza wewe! Nikitoka bila mafuta watasema mume wangu kanitupa."

Sikunyamaza. Ulimi wangu haujawahi kunisikiliza. Nikamwambia kule mlimani tukiungua na jua la palizi tunajipaka ute wa mshubiri, na ngozi inatulia bila kung'aa. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Unataka nijipake makamasi ya majani, mimi?" Lakini kesho yake akaja mwenyewe, akasema kama mtu anayezungumzia habari za jirani, "Ehe, na ule ute wako, unatengenezwaje?"

Majani tuliletewa na Mama Perpetua, mkulima wa kijiji cha misheni aliyekuwa akiteremka na kabichi na karoti za Wajerumani wa bomani. Alikuwa Mkristo, rozari shingoni, miguu imepasuka kwa mawe ya mlimani, na kwa kuwa alikuwa mtu mzima aliruhusiwa kufika mlangoni kwangu. Yeye alikuwa na mashauri yake. Mshubiri ni mzuri, alisema, lakini bamia nazo zina ute, na mlenda je? Na mbegu za mrehani ukiziloweka? Nikaona hapa hakuna atakayejua mpaka tujaribu, na muda wa kujaribu mimi ninao, tena mwingi.

Nikaugawa uso wa mwenye nyumba katikati. Shavu la kushoto bamia, la kulia mlenda, siku saba. Bamia nilizikatakata, nikaziloweka kwenye maji baridi kutoka alasiri hadi asubuhi, nikazikamua kwa kitambaa. Ute wake ni mwepesi na unateleza vizuri. Lakini ukikauka unavuta ngozi, Bi Chausiku akashindwa hata kucheka, na siku ya tatu unachacha. Mlenda ndio usiseme. Mzito, wa kijani, ukikauka unabanduka magamba. Mchana nikamsikia akida ukumbini akiuliza, "Leo nani kapika mlenda?" Mkewe akajibu, "Hakuna," na anaunukia yeye. Alipokuja kunisimulia tulicheka wote wawili, mimi nimeziba mdomo na kaniki kwa sababu ya sheria. Wiki iliyofuata nikaweka mbegu za mrehani kushoto, mshubiri kulia. Mbegu za mrehani zikilowekwa huvimba, kila moja inajivika ute; ukiukamua unapata kitu laini kisichovuta, kinachotuliza mikunjo ya chini ya macho, ila kwenye pua hakifui dafu. Mshubiri ndio uliokata mafuta. Lakini mshubiri una masharti. Jani likikatwa hutoa maji ya njano, machungu, yanayochoma ngozi. Lazima ulisimamishe, mkato ukiwa chini, mpaka yaishe yote, ndipo umenye na uoshe ute mara tatu. "Yale ya njano ni moto," Mama Perpetua alinionya. "Usiyafanyie mchezo."

Kupima nilitumia karatasi iliyofungiwa sukari. Adhuhuri, kabla Bi Chausiku hajanawa, nilibandika kipande shavu hili na kipande shavu lile, kisha nikapanda juu ya kinu na kuvinyanyua kwenye tundu la hewa. Panapopenya mwanga ndipo penye mafuta. Karatasi ya bamia ilipenywa na mwanga karibu yote. Ya mshubiri ilikuwa na doa dogo tu pembeni. Mwisho nikapata mchanganyiko wangu: mshubiri mafungu mawili, mrehani fungu moja, na tone la nyonyo, moja tu, la kumridhisha mwenyewe asijione amefiwa. Haukuisha mwezi vipele vikakauka. Paji likatulia. Uso ukawa na unyevu bila kung'aa, na mikunjo haikwisha, maana hakuna kinachomaliza mikunjo, lakini ilionekana imepumzika.

Sitaficha, nilijivuna. Ilikuwa kazi pekee iliyonifanya nisijigonge kichwa ukutani. Na siku moja, wakila chakula cha mchana upande wa pili wa ukuta, nikamsikia akida akisema, "Chausiku, umefanya nini? Mbona umerudi usichana?" Na yeye, kwa furaha aliyokuwa nayo, akajibu, "Si mimi, ni mwali wangu. Ana mikono huyo! Ana akili huyo! Atakayemwoa amepata." Nikatabasamu gizani. Nilidhani nimepewa cheo.

Masika ikaisha, miezi saba ikatimia. Bi Chausiku akaja, akaniminya mkono kwa kidole gumba, akasema, "Bado."

"Bado nini, Mama? Nimekuwa mweupe kama mhogo uliomenywa!"

"Bado, nimesema."

Hakunitazama usoni. Mwezi wa nane bado. Wa tisa bado. Mtama ukavunwa, nikasikia vinu vya majirani vikitwanga, na mimi bado. Mjomba alikuja mara mbili, na mara zote mbili nilitega sikio ukutani. Akida aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa, "Huyu mwali wako haivi tu?" Naye Bi Chausiku akajibu taratibu, "Bwana, ngozi haijakubali. Nikimtoa hivi alivyo, nitautia aibu ukoo wake." Kisha nikawasikia wanawake wanaokuja kuteka maji wakinong'onezana kwamba akida anatafuta mke wa pili, na mke mkubwa anajipodoa apate kumzuia. Basi nikaunganisha mimi mwenyewe. Mume anataka mke mwingine. Uso ndio kinga ya Bi Chausiku. Kinga inatengenezwa na mikono yangu. Nikitoka, nani atamtengenezea? Nikajitolea kumfundisha. Akasema mikono yake haina subira, akamwaga ute wa jana, akaondoka. Hapo nikawa na hakika. Nimewekwa ndani kwa ajili ya ute.

Wasomaji wangu, kama hamjawahi kufungiwa na mtu anayewalisha vizuri na kuwaita mwanangu, hamtanielewa. Mtu mbaya unamchukia, unapata nguvu. Huyu alinichana nywele, alinihifadhia mnofu wa kuku, alikaa nami mchana akinisimulia vituko vya ujana wake, na bado mlango aliufunga yeye. Nilimpenda na nilitaka kumng'ata. Nilitaka jua. Nilitaka kukimbia mteremkoni mpaka mtoni, nijikwae, nichubuke goti. Usingizi ulinijia mchana na chakula kikanikinaisha, nikaanza kuhesabu fito za paa, nikimaliza naanza upya. Nikasema, mimi nitaozea humu, na watu watasema mwali wa akida alikuwa mnene.

Akida alikuwa amekwenda safari ya upande wa Dumila, na siku aliyorudi Bi Chausiku alikuja mapema, amekoga, amevaa kanga mpya. "Leo nitengenezee vizuri, mwanangu," alisema. "Leo nataka uso kweli." Jani lilikuwa mkekani. Nikalikata. Sikulisimamisha. Nikaona maji ya njano yakijaa kwenye mkato, nikamenya hivyo hivyo, sikuosha hata mara moja, nikayaponda yote pamoja na mrehani ili rangi isionekane. Sikuwa na nia ya kumharibu. Nilitaka uso umwashe siku mbili tatu, akasirike, aseme mikono ya huyu imekwisha, atolewe aende zake. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikampaka, shavu la kulia kwanza, tena nikalikandamiza. Akafumba macho, akasema, "Leo ni wa baridi zaidi." Nikampaka na la kushoto, kidogo tu.

Alikwenda jikoni kusimamia mapishi ya mumewe, jua kali na moto wa kuni. Kwanza nilimsikia akisema uso unamtekenya. Kisha akaomba maji. Kisha akapiga kelele ambayo sijaisahau. Alijikuna, ngozi ikachubuka, na akida alipoingia uani alimkuta mkewe shavu limevimba, jicho limefumba.

"Nani kakupaka hivi?" Ile sauti ya kuita watu kutoka mbali ilikuwa sasa mlangoni kwangu. "Ni yule mwali? Sema! Atakwenda bomani leo hii, atakula kiboko mbele ya watu!"

Nilikuwa nimejikunyata nyuma ya mtungi. Kiboko cha bomani nilikiona mlimani. Niliona mgongo wa mtu aliyechapwa, na yule alikuwa mwanamume mwenye nguvu. Nikafunga macho.

"Mimi mwenyewe," Bi Chausiku alisema. Sauti ilitoka nzito kwa sababu ya mdomo uliovimba. "Nilichuma, nikaponda, nikajipaka bila kumwambia. Mwali yuko chumbani, hajui kitu."

Akida akasema maneno ambayo hayakuwa ya hasira, na ndiyo maana yaliniumiza masikio. "Jitazame. Basi, Chausiku, nimengoja vya kutosha. Ijumaa atoke. Ukisema tena bado, nitaleta somo mwingine." Nikasikia viatu vyake vikienda zake.

Atoke! Neno moja tu ndilo nililolishika. Mwanamke kaniokoa na kiboko, uso wake unawaka moto kwa mkono wangu, na moyo wangu unaruka kwa furaha. Nalisema hili waziwazi, maana watu wa umri wangu tukisimulia ujana wetu tunajipamba sana. Nilifurahi. Nilikuwa nimeshaona mteremko, nimeshaona mto.

Alhamisi asubuhi aliingia na chanuo, mafuta na kioo, kama somo anavyopaswa siku moja kabla ya mwali kutoka. Shavu la kushoto lilikuwa limeanza kupona. La kulia lilikuwa na kidonda kibichi, na hakukifunika.

"Kesho unatoka," alisema.

Nikapiga magoti, nikamshika miguu. "Ahsante, Mama. Ahsante."

"Usinishukuru. Unajua unakwenda kwa nani?"

"Kwa mjomba. Mlimani."

"Hufiki mlimani, mwanangu. Unatoka mlango huu, unaingia mlango ule." Akanionyesha, kwa kidole, upande wa chumba cha mumewe. "Bwana amekuposa tangu masika. Mimi ndiye niliyemtia hamu, kwa mdomo wangu, nikiisifu mikono yako chakula kikiwa mbele yetu. Mjomba wako amekubali. Nani amkatalie akida? Likabaki jambo moja tu lililo mkononi mwangu, nalo ni kusema bado."

Nilibaki nimemshika miguu. Sikuweza kuiachia.

"Sitakudanganya," aliendelea. "Kwanza nilijihurumia mwenyewe. Halafu nikakuona ulivyo, kelele zako, maswali yako, na vikaratasi vyako vya sukari, nikakuhurumia na wewe. Nikasema, uso huu nitautunza mpaka Bwana achoke kungoja. Ilibaki kidogo tu achoke. Juzi kabla ya safari aliniambia labda tuliache jambo hili."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekimbia. Askari wangekurudisha kwa kiboko."

Kweli ningekimbia. Nje kuku walikuwa wakiparua, mtu alikuwa akipasua kuni za sherehe, na ngoma za majaribio zilianza kusikika upande wa Mafiga. Nilitamani anilaani kabla sijasema, ili nisiseme. Lakini ulimi wangu ndio huo.

"Mama, lile jani sikulisimamisha."

"Ulisahau?"

"Sikusahau."

Alinitazama kwa jicho lake zima na lile lililokuwa bado halifunguki vizuri. Nikaona maneno yanamfikia taratibu, moja baada ya jingine. Nikangoja kofi, nikangoja amwite mumewe, nikangoja lolote. Akakaa kwenye kitanda cha kamba, akalifuta chanuo kwa upindo wa kanga.

"Kaa chini nikusuke," alisema. "Muda umekwenda."

Nikakaa chini kati ya magoti yake, shingo nimeikaza, nikingoja anivute nywele. Alisuka mistari yote, kutoka utosini hadi kisogoni, na hakunivuta hata mara moja.